Mmempa Kazi, Je, Mmempa Choo?

Katika miaka thelathini na miwili niliyofundisha Kiswahili katika shule za upili, nimesahihisha insha zisizo idadi. Nimesoma kuhusu faida za miti, madhara ya mihadarati, ajali za barabarani, ufisadi, ukame na mapenzi ya mama kwa mwanawe. Sikumbuki hata insha moja iliyozungumzia choo. Wala siwalaumu wanafunzi wangu. Mimi mwenyewe sikuwahi kuitunga mada ya aina hiyo, na lau ningaliitunga, nadhani mkuu wa idara angaliniita kando kuniuliza kama ni buheri wa afya.

Lugha yetu yenyewe hulizunguka jambo hili kama mtu azungukaye shimo gizani. Twasema twaenda msalani, twaenda maliwatoni, twaenda haja, twajisaidia, twatoka kidogo. Ni adabu njema, nami nikiwa mwalimu wa lugha siwezi kuikejeli. Lakini adabu hiyo imezaa ububu. Jambo lisilotajwa mkutanoni haliingizwi katika makadirio ya fedha, na lisiloingizwa katika makadirio halijengwi. Mficha uchi hazai, walinena wahenga. Kwa hivyo msomaji anayelisoma gazeti hili huku akipata kiamsha kinywa aniwie radhi.

Mnamo mwaka 2013 nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya upili ya kutwa ambayo sitaitaja jina, maana aibu nitakayoisimulia ni yangu kuliko ilivyo ya shule. Tuliletewa mwalimu mpya wa hisabati. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyepoozwa miguu na maradhi ya polio akiwa mtoto mchanga, naye alitembea kwa magongo mawili na vyuma vilivyofungwa miguuni tangu mapajani hadi viatuni. Tulimpokea kwa shangwe. Mwalimu mkuu alimtambulisha kwenye gwaride, wanafunzi wakapiga makofi. Tulimpangia madarasa ya chini ili asipande ngazi, tukamwekea kiti karibu na mlango wa afisi ya walimu, na kila mmoja wetu akajiona muungwana.

Ila hakunywa chai. Kengele ya saa nne ikilia, birika ikiletwa na mandazi yakizungushwa, yeye alisema, “Asante, Mwalimu, nimeshiba,” kisha akaendelea kusahihisha madaftari. Baadhi yetu walisema amefunga. Wengine walisema ana maringo, hataki kuchanga pesa za chai. Saa saba alasiri alipanda bodaboda akatoweka, na siku nyingine alirudi dakika kumi au kumi na tano baada ya kipindi cha kwanza cha alasiri kuanza, huku Kidato cha Tatu wakipiga kelele zilizosikika hadi kwenye dirisha langu.

Kazi ya naibu, kama wajuavyo walimu wenzangu, ni kuandika majina. Niliandika. Katika muhula wa pili nilitia sahihi barua ya kumtaka aeleze kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kuchelewa kazini mara saba. Naikumbuka idadi hiyo kwa sababu niliihesabu mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Kabla ya siku ya kujibu kuwadia, alilazwa hospitalini. Maradhi yalikuwa yameanzia kwenye kibofu yakapanda hadi kwenye figo. Tulichanga kidogo tulichokuwa nacho, nami nikatumwa pamoja na walimu wawili kumpelekea. Wenzangu walipotoka kwenda kununua maziwa, alinigeukia akaniambia, “Barua yako nimeipata, Mwalimu. Nitakujibu kwa mdomo, nawe utaiandika, maana wewe ndiwe mwalimu wa insha.”

Jibu lake lilikuwa hili. Vyoo vya walimu vilikuwa nyuma ya jikoni, hatua zipatazo mia moja na ishirini kutoka afisini, kwenye njia ambayo mvua ikinyesha hugeuka utelezi. Mlangoni palikuwa na vidato viwili visivyo na mahali pa kushika. Ndani palikuwa na tundu katika sakafu ya saruji, na sakafu yenyewe ilikuwa maji matupu kwa sababu ilioshwa kila asubuhi, jambo ambalo mimi nilijivunia kwa wakaguzi. Mtu ambaye magoti yake yamefungwa vyuma hawezi kuchuchumaa. Akivifungua vyuma, miguu haimbebi. Siku yake ya kwanza shuleni alijaribu. Alitoka humo akijikokota kwa viganja vya mikono juu ya sakafu ile, akanawa, akarudi darasani, akashika chaki.

Tangu siku hiyo hakujaribu tena. Aliacha kunywa kitu chochote tangu saa kumi na moja alfajiri. Saa saba alikwenda kwenye chumba alichopanga, ambako alikuwa na kiti cha mbao kilichotobolewa tundu, akilipa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi kila siku ya kazi kutoka mfukoni mwake. Siku ya mvua bodaboda ilichelewa. Hizo ndizo siku saba zangu za wino mwekundu.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hata hivyo mimi nilikuwa na macho, nami nilikipita kila siku kikombe chake kikiwa kimefunikwa juu ya meza.

Hebu tulitazame jambo lenyewe kama linavyofanya kazi mwilini, maana wako watakaosema ni suala la starehe tu. Mwili unaonyimwa maji hutoa mkojo kidogo, na mkojo unaozuiliwa kwa saa nyingi huviachia viini vya maradhi muda wa kuzaana badala ya kuvisafisha nje. Kutoka kwenye kibofu njia ya kwenda kwenye figo si ndefu. Kwa waliovunjika uti wa mgongo hatari ni kubwa zaidi. Wengi wao hutumia mrija kuutoa mkojo, kila baada ya saa nne hadi sita, kazi inayohitaji mikono safi, mwanga, na mahali pakavu pa kuweka vifaa. Aliyeumia sehemu ya juu ya uti huo, kuelekea shingoni, kibofu kikimjaa kupita kiasi shinikizo la damu laweza kupanda kwa ghafla na kumtia katika hatari ya kufa. Mtu kama huyo anapomuuliza mwajiri wake choo kiko wapi, haulizi kwa udadisi.

Si kwamba nchi hii haina sheria. Katiba tuliyoizindua Agosti 2010 inasema katika kifungu cha 54 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa hadhi na heshima, na ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Miaka miwili kabla ya hapo, 2008, Kenya ilikuwa imeuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Na kabla ya hayo yote palikuwa na sheria ya mwaka 2003, iliyowapa wenye majengo ya umma miaka mitano ya kuyarekebisha tangu kifungu hicho kilipoanza kutumika. Sheria hiyo ilimwambia hata mwajiri binafsi kwamba akirekebisha jengo lake kwa ajili ya wafanyakazi wenye ulemavu, anaweza kuomba nusu ya gharama hiyo ipunguzwe katika pato lake linalotozwa kodi. Nimewauliza wenye shule za kibinafsi na wenye viwanda vidogo ninaowafahamu kama waliwahi kuiomba nafuu hiyo. Wengi walidhani nawatania. Mwaka 2025 sheria mpya ilishika nafasi ya ile ya 2003, nami naomba isije ikasomwa kama tulivyoisoma ile ya kwanza, yaani kwa kuikata utepe na kuifungia kabatini.

Kitu kimoja tu katika sheria hizi ndicho tulichokihifadhi moyoni, nacho ni asilimia tano. Katiba inataka angaa asilimia tano ya wanachama wa mabaraza ya kuchaguliwa na ya kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, na kanuni hiyo itekelezwe hatua kwa hatua. Wanasiasa huitaja, vyama huitaja, waajiri huitaja katika matangazo yao ya kazi: “Watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi.” Vyema. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao laki tisa wenye umri wa miaka mitano na zaidi wanaoishi na ulemavu, na ulemavu uliotajwa zaidi ulikuwa wa kutembea. Tuseme basi mmoja wao amejibu tangazo, amehojiwa, amefaulu, ameajiriwa. Saa nne atakwenda wapi? Kumpa mtu kazi mahali asipoweza kujisaidia ni kumpa kazi ya nusu siku na kumdai ya siku nzima. Asilimia tano hupimwa kwa kuhesabu majina kwenye karatasi ya mishahara. Hakuna anayehesabu milango.

Nirudi kwenye kisa changu, kwa kuwa makosa yetu hayakuishia kwenye barua. Barua niliifuta. Nakala iliyokuwa imekwishapelekwa kwenye afisi za juu ilinichukua miezi mitano na barua nne kuiondoa. Halmashauri ya shule ilikubali upesi kujenga choo kipya, na kwa kuwa mwalimu alikuwa mapumzikoni majuma sita, tuliamua kumshangaza. Fundi aliitwa, saruji ikakorogwa, picha ya mtu kwenye kiti cha magurudumu ikachorwa mlangoni kwa rangi ya samawati. Alipofika, mwalimu mkuu alimwongoza mwenyewe hadi pale kama bwana harusi.

Alitazama kwa muda mrefu. Sakafu tulikuwa tumeiinua sentimita 45 kutoka ardhini, na njia ya mteremko tuliyomjengea ilikuwa na urefu wa mita moja. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili alikuwa akipita na ndoo. “Kijana,” mwalimu akamwita, “kila sentimita moja ya kimo hudai sentimita kumi na mbili za urefu, ndipo mtu apande bila kusukumwa. Arobaini na tano mara kumi na mbili?” Yule kijana akafikiri, akasema mia tano na arobaini. Mita tano na sentimita arobaini! Tulikuwa tumejenga moja. Hata mbuzi wa jirani angefikiri mara mbili.

Mengine aliyaonyesha bila hisabati. Mlango ulifunguka kwa ndani, hata mtu akianguka nyuma yake, mwili wake wenyewe ungewazuia waokoaji kuingia. Chuma cha kushikilia kilikuwa kile cha kutundikia taulo, kilichotiwa misumari miwili midogo. Kingeng’oka siku ya kwanza mtu mzima akijivuta kwacho. Kiti kilikuwa kizuri lakini kilibanwa na kuta pande zote mbili. Sinki ilikuwa nje, juu ya kidato. Na ufunguo, kwa ajili ya usalama, ulikuwa kwa mhasibu. Tulikuwa tumejenga sanamu ya choo.

“Mbona hamkuniuliza?” alisema. Hakusema kwa hasira. Sote tulikuwa na majibu, na yote yalianza na neno “tulidhani”.

Jioni ile alichukua chaki akachora mviringo kwenye sakafu ya afisi ya walimu, upana wake sentimita 150, akatuambia hiyo ndiyo nafasi ambayo kiti cha magurudumu huhitaji ili kigeuke. Mimi, mwerevu wa siku zote, nikamkumbusha kwamba yeye hutumia magongo. “Bado,” akajibu. Mabega yanayobeba mwili mzima kwa miaka thelathini na mitano huchakaa. Miaka minne baadaye alikuja kazini kwenye kiti cha magurudumu, na mviringo ule ulikuwa umekwisha kujengwa.

Karatasi aliyotuchorea naikumbuka karibu yote. Mlango wa sentimita 90 unaofunguka kwa nje, wenye komeo ambalo mtu wa nje aweza kulifungua pakiwa na dharura. Kiti cha kimo cha kati ya sentimita 45 na 48, na kando yake nafasi ya sentimita 90 ili mtu ajisogeze kutoka kiti kimoja hadi kingine. Vyuma vinene pande mbili, vilivyozamishwa ukutani, kimoja kikiinuka. Sinki inayofikiwa na aliyeketi, bomba la maji linalofunguliwa kwa kiwiko, kamba ya kengele inayofika hadi sakafuni, maana anayeanguka haanguki akiwa amesimama. Mwishoni aliongeza kitu ambacho sijakiona katika mchoro wa mhandisi yeyote: ndoana ya kutundikia magongo. Magongo yaliyoegemezwa ukutani huteleza yakaanguka kwenye sakafu yenye maji, na mwenye kuyaokota ni yule yule asiyeweza kuinama.

Choo hicho cha pili kilitugharimu zaidi ya cha kwanza, kwa kuwa tulilazimika kubomoa kabla ya kujenga. Lau tungaliuliza mapema, tungalilipa mara moja. Nalisema hili kwa sababu hoja ya “hatuna fedha” ndiyo ngao ya kwanza ya kila mwajiri. Mlango mpana haugharimu zaidi ya mwembamba kwa kiasi cha kumtisha mtu unapokuwa bado kwenye mchoro. Hugharimu ukuta unapokuwa umekwisha kusimama.

Ngao ya pili ni ya ajabu zaidi: “Hapa kwetu hatuna mfanyakazi mlemavu.” Nimeisikia katika afisi za umma, katika viwanda, katika shule zenye mabasi mawili. Ni sawa na mwenye duka asiyeuza chumvi akisema wateja wake hawapendi chumvi. Aliyeomba kazi akaona ngazi amegeuza magongo yake mlangoni, na jina lake halimo katika daftari lolote. Wala wasidhani kwamba ulemavu huja tu kupitia mlango wa ajira; huja kazini kwa ajali ya matatu siku ya Jumatatu, kwa kisukari kinachokata mguu, kwa kiharusi. Hujafa hujaumbika.

Tena pana vyoo ambavyo vimejengwa vizuri lakini havipo. Msomaji anavifahamu. Ni vile vyenye alama ya kiti cha magurudumu mlangoni na ndani mna mifagio, ndoo za rangi, viti vilivyovunjika na masanduku ya karatasi za mitihani ya mwaka juzi. Viko vingine kwenye orofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake imepumzika. Nikiingia katika afisi yoyote siku hizi, huomba kukiona choo hicho kabla sijaeleza haja iliyonileta. Makarani huniona mzee mwenye wazimu. Baadhi yao huuliza ufunguo kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya kazi.

Na wewe mwanafunzi usidhani haya ni ya wakubwa. Shule ni mahali pa kazi kwa mwalimu, na ni mahali pa kazi kwako pia. Huenda darasani mwenu yumo asiyekwenda kokote wakati wa mapumziko, akasema ameshiba. Katika shule yetu, choo cha mwalimu yule kilipofunguliwa, aliyekuwa wa kwanza kukitumia hakuwa yeye. Alikuwa msichana wa Kidato cha Kwanza mwenye ulemavu wa nyonga, ambaye sisi tulikuwa tumemwandika katika rejista kuwa mtoro wa alasiri. Baadaye alikitumia mlinda lango wetu wa timu ya kandanda aliyevunjika mguu, mwalimu mjamzito wa miezi minane, na mimi mwenyewe magoti yalipoanza kudai pensheni kabla yangu. Mhasibu alilalamika kwamba watu ni wengi mno. Tulimwambia ajenge cha pili.

Nilistaafu nikamwacha pale. Mwaka jana alipandishwa cheo, akahamishiwa shule nyingine kuwa naibu, kiti kile kile nilichokalia mimi nikiandika majina. Alinipigia simu juma lake la kwanza. Afisi yake iko chini, alisema, na wenyeji wake ni wakarimu mno; wamempokea kwa nyimbo. Vyoo viko nyuma ya bweni, vidato vitatu. Kisha akaniuliza kama ile karatasi aliyotuchorea bado ninayo.

Nilikuwa nayo. Niliipiga picha nikamtumia kwa simu usiku ule ule. Alisema fundi anakuja Jumamosi, na kwamba safari hii atakuwepo yeye mwenyewe, na chaki.